Kwenye Visiwa Vinavyoelea vya Upemba

Mkazi wa Lubumbashi anayetamani safari ya majini ya kutazama ndege na wanyama hana haja ya kutafuta bahari. Reli ya kutoka mjini kwetu ilifika Bukama mwaka 1918, na hapo ndipo mto Lualaba unapoanza kupitika kwa maboti, ukipita kando ya Ziwa Upemba, ukakata Ziwa Kisale na kushuka hadi Kongolo. Samaki wakavu wa huko tunawala na bukari. Visiwa vipo pia, ila vingine havikushika ardhi. Vinaelea.

Kisiwa cha namna hiyo ni mafunjo matupu. Mashina yake yanayotambaa majini yana vitundu vilivyojaa hewa, nayo hushikana na mizizi hadi yakawa mkeka mnene. Majani makavu huanguka juu yake, huoza polepole, na gesi ya uozo hunaswa ndani na kuzidi kukiinua kisiwa. Kwenye Kisale wavuvi huongeza matabaka ya mafunjo, wakajenga vibanda, wakapika na kulala humo. Ukikanyaga, mahali hubonyea na maji huchuruzika kati ya vidole. Maji yakipanda au upepo ukivuma, kipande humeguka na kwenda zake, na njia iliyopitika jana ikazibika. Ndiyo maana mwenyeji anayejua njia ana thamani kuliko ramani yoyote.

Majira nayo yapangwe kwa kufuata maji, si likizo. Mvua za Novemba hadi Machi hutandaza mafuriko bondeni kote, wanyama wakatawanyika. Kiangazi maji hurudi nyuma, samaki hubanwa kwenye madimbwi, na korongo-nyangumi huja kuwavizia. Ndege huyu ana kimo cha zaidi ya mita 1, na husimama kimya muda mrefu akingoja kambare apande juu kuvuta hewa. Hutaga yai 1 hadi 3, lakini kwa kawaida kinda 1 tu ndilo hukua. Injini ya boti ikimfukuza kwenye kiota, hasara ni ya mwaka mzima.

Anayenitia hofu zaidi ni lechwe wa Upemba, swala wa mabwawani aliyetambuliwa kama spishi ya pekee mwaka 2005. Picha yake ya kwanza akiwa hai ilichapishwa mwaka 2025, na watafiti wanakadiria kwamba hawafiki 100. Ujangili umekaribia kuwamaliza, na Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939, imeshambuliwa mara kadhaa na wanamgambo wa Mai-Mai.

Basi kabla ya kukata tiketi, uliza ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi, kuhusu usalama na kibali, kisha uwasalimu machifu wa ziwani. Chukua wapiga kasia wa hapohapo na uwalipe vizuri. Lechwe usiwafuate. Waachie walinzi na watafiti mpaka idadi yao ipande.