Winga wa Garsen na Hesabu ya Mechi Zake

Kila msimu wa michezo ya shule unapokaribia, swali moja huzunguka Garsen, Tarasaa na Ngao: ni kijana gani mwaka huu atakayevuka mipaka ya kaunti? Majibu huwa mengi, kwa kuwa kila kijiji cha delta ya Tana kina winga wake, mwanafunzi wa miaka kumi na sita au kumi na saba ambaye beki akimpa hatua mbili tu hampati tena. Watu humsifia miguu. Mimi nashikilia kwamba miguu ni sehemu ndogo ya jibu. Anayetaka kujua msimu ujao utamfikisha wapi kijana huyo na aulize kwanza atacheza mechi ngapi za ushindani, na ni nani atakayeziandika.

Wamarekani wana kandanda yao ya kushika mpira kwa mikono, na ndani yake yumo mchezaji anayefanana sana na winga wetu. Humwita mpokeaji. Hukaa pembeni, hukimbilia nafasi iliyo wazi, na hutegemea mwenzake amrushie mpira kwa wakati. Timu kubwa ya chuo kikuu kule hucheza mechi 12 katika msimu wa kawaida, na kila mpira uliorushwa kuelekea kwa kijana huyo huandikwa, aliodaka na uliomponyoka, pamoja na umbali aliokwenda nao. Ndiyo maana mwandishi wa michezo wa huko anaweza, miezi kabla ya msimu, kueleza kwa sababu zinazoshikika kwa nini mwanafunzi fulani wa mwaka wa pili atapanda au atakwama. Ana daftari mbele yake. Garsen daftari hilo halipo, kwa hiyo tunabaki na sifa za barazani, na sifa hizo hata ziwe za kweli kiasi gani hazimfikii kocha aliyeko Mombasa.

Tuhesabu basi. Kandanda ya shule za upili huchezwa muhula wa pili na hupanda ngazi: kaunti ndogo, kaunti, eneo zima la Pwani lenye kaunti sita, taifa, kisha Afrika Mashariki. Anayeshindwa hurudi nyumbani. Shule ya Tana Delta ikitolewa mapema, winga wake huenda akamaliza mwaka akiwa na mechi tatu au nne za maana. Ikifika ngazi ya Pwani, labda nane au kumi. Mchezaji wa Ligi Kuu ya Kenya, yenye timu 18, ana mechi 34 kabla hatujataja kombe. Na winga ndiye mchezaji anayeumizwa zaidi na uhaba huu. Kipa anaweza kukomazwa mazoezini kwa mikwaju mia. Lakini kujua lini umpite beki, lini usimame umngoje mwenzako afike, na lini urudishe mpira nyuma, ni elimu isiyopatikana bila mtu halisi mbele yako aliyekusudia kukuzuia. Beki wa leo hupenda kuteleza, wa kesho husubiri mpaka ufanye kosa, na anayekutana na mabeki wanne kwa mwaka hawezi kuwajua kama anayekutana na thelathini.

Misimu yenyewe imepungua pia. Katika mfumo wa 8-4-4 mwanafunzi alikuwa na miaka minne ya upili, yaani misimu minne ya kuonekana. Mtaala wa umilisi, ambao kundi lake la kwanza la Gredi ya 10 linaingia shule za upili mwaka 2026, unampa mitatu. Badiliko hilo lina upande wake wa heri, na sijasikia likizungumzwa vya kutosha viwanjani: mwaka 2026 shule ina Gredi ya 10, Kidato cha Tatu na Kidato cha Nne tu, kwa hiyo wanaogombea namba ni wachache, na mdogo mwenye uwezo anaweza kuvaa jezi mapema kuliko kaka yake alivyoivaa. Tena mtaala huo umeifanya sanaa na sayansi ya michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya masomo. Kwenye karatasi, mwanafunzi wa Garsen hajawahi kufunguliwa mlango mpana hivi. Uwanjani, mlango huo ni wa miaka mitatu, na mwaka ukipotea haulipwi.

Na miaka hupotea, kwa sababu mto una kalenda yake. Muhula wa pili hufunguliwa mwishoni mwa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto. Tana huja na maji ya Mlima Kenya na Aberdare kupitia mabwawa ya umeme, kutoka Masinga hadi Kiambere, na mabwawa yakijaa yakafurika, delta hupokea mzigo wote hata kama Garsen kwenyewe hakujanyesha tone. Mafuriko ya 2018 yaliwahamisha maelfu ya watu katika kaunti hii ya Tana River. Yakaja ya El Niño mwishoni mwa 2023, kisha ya 2024. Mwaka huo shule za Kenya zilipaswa kufunguliwa Aprili 29. Zikasogezwa hadi Mei 6, halafu zikaahirishwa bila tarehe, na hatimaye zikafunguliwa Mei 13. Kwa shule nyingi za bara hizo zilikuwa wiki mbili zilizopotea. Kwa vijiji vya delta, maji hayakuondoka kwa tangazo la serikali. Barabara ikikatika timu haisafiri, uwanja ukiwa ziwa hakuna mazoezi, na ratiba ya kaunti ndogo hubanwa mpaka mashindano yamalizwe kwa siku chache, vijana wakicheza mechi juu ya mechi kwa miguu iliyochoka. Ukame nao hula kwa upande wake. Misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022 iliziondoa familia nyingi za wafugaji kwenda kutafuta malisho, na winga wa Kiorma anayefuata ng'ombe hayumo kwenye orodha ya kikosi, awe na kasi ya namna gani.

Mazingira hayo humfinyanga kijana pia. Udongo wa delta ni wa mfinyanzi: kiangazi hupasuka nyufa, mvua ikinyesha hunasa kiatu. Mpira hudunda vibaya, na anayekulia hapo hujifunza kuutawala ukiwa karibu na mwili, kugeuka ghafla, na kumaliza mambo kwa hatua chache. Hazina hiyo ni ya kweli, na kocha wa mjini huiona dakika ya kwanza. Lakini mchezaji huyohuyo akiwekwa kwenye nyasi sawa hukuta mpira unafika haraka kuliko alivyozoea. Pasi ndefu anayotakiwa kuituliza kwa mguso mmoja inampita, na krosi ya chini, ile inayopigwa mbele ya kipa na nyuma ya mabeki, hajawahi kuwa na uwanja wa kuizoea. Wengi humhukumu hapohapo kwamba hajui. Anachokosa ni majuma machache ya kuzoea, na majuma hayo hupewa tu yule ambaye mtu ana sababu iliyoandikwa ya kumsubiri.

Wapo watakaosema chema chajiuza, kwamba kipaji kikubwa hakifichiki. Watataja Aldrine Kibet na Amos Wanjala, vijana waliotoka shule ya St. Anthony's ya Kitale wakaenda akademia ya Nàstic nchini Uhispania, Kibet akaendelea hadi Celta Vigo. Mfano ni mzuri, ila unathibitisha kinyume cha wanachotaka. St. Anthony's ni shule inayofika mashindano ya taifa mara kwa mara, kwa hiyo mchezaji wake hucheza mechi nyingi mbele ya macho mengi, na jina la shule lenyewe ni barua ya utambulisho. Hakuna aliyelazimika kusafiri hadi ukingo wa mto kuwatafuta vijana hao. Michael Olunga naye, aliyeifungia Girona mabao matatu katika mechi moja ya ligi ya Uhispania Januari 2018, alikulia Nairobi, penye timu na ligi za kila daraja, na alipanda kupitia Tusker, Thika United na Gor Mahia huku akisomea uhandisi chuo kikuu. Kipaji chao ni chao. Ngazi waliyopandia iliwekwa na wengine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linastahili heshima. Kaunti ambayo watu wake hukimbia mafuriko mwaka huu na kuhesabu mizoga ya mifugo mwaka ujao, je, ihangaike na mechi za vijana? Jibu langu linaanzia Agosti 2012, watu zaidi ya 50 walipouawa katika kijiji cha Riketa, na mapigano ya wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma yakaendelea hadi mapema mwaka uliofuata, jumla ya waliokufa ikipita mia moja. Waliopigana walikuwa vijana kwa wingi, majirani wanaogawana maji na malisho yaleyale. Mwanafunzi anayeingia Gredi ya 10 leo alikuwa mtoto mchanga wakati huo. Ligi ya wikendi inayowaweka mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji katika jezi moja, mmoja akimtegemea mwingine kwa pasi, si anasa kwenye kaunti yenye historia hiyo. Gharama yake pia ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Sizungumzii jukwaa la zege wala taa za usiku. Nazungumzia ratiba, waamuzi, mafuta ya gari, na daftari.

Wengine watashauri kijana ahame mapema, aende Malindi iliyo zaidi ya kilomita mia moja kutoka Garsen, au Mombasa, maradufu ya hapo, iliko Bandari, klabu ambayo kwa miaka mingi imebeba jina la Pwani kwenye Ligi Kuu. Kwa aliyemaliza Kidato cha Nne ushauri huo una maana. Kwa wa miaka kumi na sita una hatari: huacha darasa, hulala kwa jamaa ambaye hana nafasi, na huangukia mikononi mwa dalali anayeomba ada ya majaribio ambayo hayapo. Kuna pia fedha ambazo watu wa Garsen hupoteza bila kujua. Kanuni za FIFA husema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, asilimia 5 ya malipo hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu kuanzia ule wa miaka 16 una thamani ya nusu ya asilimia moja ya bei. Klabu ndogo iliyomsajili kijana kwa misimu mitatu ya namna hiyo, akaja kuuzwa kwa dola milioni moja, inastahili dola 15,000, nazo zingenunua mipira na jezi za ligi nzima ya delta. Sharti ni kwamba klabu iwe mwanachama halali na jina la mchezaji liwe limesajiliwa kwake. Shule peke yake haitoshi, na kumbukumbu ya midomo haihesabiki.

Kwa hiyo msimu ujao wa winga huyu unaweza kukadiriwa. Akiitegemea shule yake peke yake, na masika yakiwa mabaya, atacheza mechi nne na jina lake litaishia Minjila. Lakini miezi ya Januari hadi Machi ni mikavu, barabara zinapitika, na Garsen, Minjila, Tarasaa na Ngao ni majirani ambao timu zao zinaweza kukutana Jumamosi mchana na kila mtu akalala kwake. Timu sita zikicheza nyumbani na ugenini, kila moja inapata mechi 10 kabla muhula wa pili haujafunguliwa. Jumlisha nne za shule, hata mwaka wa mafuriko, na kijana anafika 14, zaidi ya mechi 12 za msimu wa kawaida wa yule mpokeaji wa Marekani. Wakati wa Ramadhani mechi zinaweza kusogezwa hadi Jumamosi zinazofuata, mwezi ukishaisha. Mwalimu mmoja wa michezo na mwanafunzi mmoja mwenye mwandiko unaosomeka wanatosha kuandika kila Jumamosi dakika alizocheza, krosi alizopiga na zilizomfikia mwenzake, mabao, mipira aliyopoteza, na jina la beki aliyemshinda.