Bendera za Vitambaa za Kumkaribisha Mtoto Mchanga

Utepe wenye bendera ndogo za kitambaa, zilizoandikwa jina la mtoto au maneno ya heri, ni pambo ambalo baadhi ya familia hulishona kabla ya mtoto kuzaliwa. Linafanana na bendera za sala za Wabudha wa Tibet na majirani zao wa Nepal na Bhutan. Bendera hizo huchapwa maandishi matakatifu kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, kwa rangi tano zinazofuatana: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na manjano. Hutundikwa penye upepo na kuachwa zichakae, kwa imani kwamba upepo unaozipitia hueneza baraka. Mzazi anaweza kuziazima rangi hizo. Maandishi matakatifu ya wenyewe ni afadhali ayaache, aandike yake.

Kuchakaa huko, kunakopendeza mlimani, hakufai chumbani mwa mtoto. Uzi uliofumuka huweza kujiviringisha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Wazazi huhangaika kutafuta sababu ya kilio tumboni na masikioni, kumbe ipo kwenye kidole cha mguu. Kwa hiyo kila ukingo ukunjwe mara mbili na kushonwa kwa cherehani. Kipande cha sentimita 15 kwa 20 kinatosha. Ukingo wa juu ushonwe pamoja na utepe wenyewe, ili bendera isiteleze wala kuchomoka.

Chagua kitambaa cha pamba: merikani, au kanga ya nyumbani iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, ambayo kwa kazi hii inaishinda mpya. Kitambaa kipya kifuliwe kwanza, kisha kisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikichuja, kisitumike, kwani mtoto hupeleka kila kitu kinywani. Jaribio hili halitambui kemikali zote. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipitisha zuio la baadhi ya rangi za azo katika nguo zinazogusa ngozi, kwa kuwa huweza kuzalisha kemikali zinazosababisha saratani, na rangi hizo hazitambuliki kwa macho. Ndiyo maana tunasisitiza kununua bidhaa yenye lebo inayomtaja mtengenezaji.

Shanga, vifungo na kengele visiwekwe. Kipimo kinachotumika kwa vichezeo vya watoto walio chini ya miaka 3 ni bomba lenye kipenyo cha milimita 31.7: kinachoingia humo chote kinaweza kumkaba mtoto. Gundi si mbadala wa mshono.

Hatari kubwa zaidi ni utepe wenyewe, ambao unaweza kumnyonga mtoto. Usiufunge kwenye kitanda chake wala kuupitisha juu yake. Uutundike kwenye ukuta wa upande mwingine, ukaze ncha zote mbili kwa misumari au skrubu badala ya gundi ya karatasi, wala usiache ncha ikining'inia. Kichezeo chochote kilichotandazwa juu ya kitanda kiondolewe mtoto akifikisha miezi 5, au mapema zaidi akianza kujiinua kwa mikono na magoti.

Ukinunua zilizokwisha kushonwa, vuta kila bendera kwa nguvu mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Dai risiti na uitunze pamoja na lebo. Bila hivyo viwili, malalamiko yako yatakuwa magumu kuyafuatilia.