Mzabibu Uani

Ukienda Bihawana, Mpunguzi au Hombolo utakuta mashamba ya zabibu. Mzabibu si mmea wa asili ya kwetu. Wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana ndio wanaotajwa kuwa wa kwanza kuupanda hapa Dodoma. Lakini umeipenda ardhi yetu. Kwetu kuna jua kali, udongo wa kichanga na mvua chache, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mahindi mara nyingi hunyauka katika hali hiyo. Mzabibu huvumilia, kwa sababu mizizi yake huenda chini sana.

Tena tuna bahati nyingine. Huko Ulaya baridi ni kali na mzabibu huzaa mara moja tu kwa mwaka. Hapa Dodoma huzaa mara mbili: Februari na Machi, halafu Agosti na Septemba.

Huhitaji kuwa na ekari nzima. Mizabibu mitatu uani inatosha kuanzia. Mzabibu haupandwi kwa mbegu. Hupandwa kwa kipande cha tawi lililokomaa, chenye unene wa penseli na macho matatu au manne. Omba vipande hivyo kwa jirani ambaye mizabibu yake inazaa vizuri, au nenda kwenye kituo cha utafiti cha Makutupora, kaskazini mwa mji. Ukitaka zabibu za kuuzia watengenezaji wa mvinyo, uliza aina ya Makutupora nyekundu au Chenin Blanc.

Chimba shimo lenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60. Changanya udongo wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda mvua zinapoanza, na acha mita 2 kati ya shimo na shimo. Wakati wa kiangazi mwagilia mche debe moja mara mbili kwa wiki. Angalia maji yako. Visima vingine vya Dodoma vina maji ya chumvi, na mzabibu hauyapendi. Ukiona kingo za majani zimekauka kama zimeunguzwa, sababu inaweza kuwa chumvi.

Mzabibu hutambaa, kwa hiyo unataka nguzo na waya, au kichanja cha miti juu ya ua. Chagua miti migumu, maana mchwa wetu hawana huruma. Watu wengi hupaka oili chafu sehemu ya nguzo inayoingia ardhini.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, yaani kupogoa. Hapa ndipo wengi hushindwa. Mtu ameutunza mzabibu wake miaka miwili, umefunika kichanja chote, halafu unamwambia akate matawi. Anaona ni hasara. Lakini elewa jinsi mmea huu unavyozaa. Tawi la zamani, nene, lenye magome, halitoi zabibu. Vichala hutoka kwenye machipukizi mapya, na machipukizi hayo hutoka kwenye matawi ya msimu uliopita. Usipokata, chakula chote huenda kwenye majani. Utapata kivuli kizuri cha kukalia, basi. Kwa maoni yangu, mizabibu mingi ya uani isiyozaa haina ugonjwa wowote. Imekosa mkasi tu.

Pogoa hivi. Baada ya kuvuna, acha mzabibu upumzike kama mwezi mmoja, bila maji mengi. Kisha kata kila tawi la msimu uliopita, ubakize macho mawili tu. Tumia mkasi mkali ili tawi lisipasuke. Usiku wa kwanza unaweza kuona maji yakidondoka mahali ulipokata. Usiogope, yatakoma yenyewe. Baada ya hapo anza kumwagilia.

Zabibu za Februari hukua wakati wa mvua, na wakati huo huja ubwiri unga. Majani na matunda hupata unga mweupe, halafu matunda hupasuka. Dawa yake ni salfa, ileile inayotumika kwenye mikorosho kule Mtwara. Ipulize asubuhi mapema, ukiwa umefunika pua na mdomo. Muulize bwana shamba kipimo chake, na siku za kungoja kabla ya kuvuna. Zabibu za Agosti hazisumbui hivyo, na huwa tamu zaidi.

Zabibu ikishachumwa haiendelei kuiva, wala haikai siku nyingi. Mnunuzi analijua hilo. Ukivuna kwanza ndipo utafute soko, atakupangia bei anayotaka, nawe utakubali kwa kuwa mali inaoza. Hapo daftari lako la darasani litakusaidia. Andika tarehe ya kupogoa. Zabibu huiva baada ya miezi minne hivi. Ukipogoa tarehe 1 Mei, andika mwanzo wa Septemba, na anza kuzungumza na wanunuzi mwezi Julai. Siku ya kuuza, pima kreti tupu kwanza, kisha pima iliyojaa. Kreti ikiwa na kilo 2, na ikijaa ikawa kilo 22, zabibu zako ni kilo 20. Andika hesabu hiyo mbele ya mnunuzi, kreti moja baada ya nyingine, kabla hazijapakiwa garini.