Isabella: Nyumba ya Wazee Iliyoanzishwa na Mama Mhamiaji

Mama, huenda unamhudumia mzee nyumbani: mama mkwe, au mama yako uliyemleta mjini kutoka kijijini. Anakula, ni msafi, dawa anameza kwa wakati. Lakini amekuwa mkimya mno. Kabla hujasema "ni uzee tu", soma kisa hiki cha New York, Marekani.

Nyumba hii ilianzaje?

Karne ya 19 Wajerumani wengi walihamia New York, hata mtaa wao ukaitwa Kleindeutschland, yaani Ujerumani Ndogo. Mmoja wao alikuwa Anna, mzaliwa wa Würzburg. Yeye na mumewe waliendesha gazeti la Kijerumani, New Yorker Staats-Zeitung. Mume alifariki mwaka 1852, akamwachia watoto sita. Anna alilea watoto na gazeti hakuliacha. Mwaka 1859 aliolewa na mhariri, Oswald Ottendorfer.

Mwaka 1875 alifungua huko Astoria makao ya wanawake wazee wenye asili ya Ujerumani. Aliyaita Isabella Heimath. Isabella ni jina la binti yake aliyefariki. Heimath ni neno la Kijerumani la mahali unapopaita kwenu.

Anna alifariki mwaka 1884. Mwaka 1889 jengo kubwa zaidi lilifunguliwa kaskazini mwa Manhattan, likapokea wanaume pia na wagonjwa wa magonjwa ya muda mrefu. Leo Isabella hupokea wazee wa asili mbalimbali, wakiwemo wengi wanaozungumza Kihispania.

Tunajifunza nini?

Mzee anahitaji zaidi ya kitanda na chakula. Anahitaji kueleweka. Ugonjwa wa kusahau (demensia) mara nyingi hufifisha kwanza lugha aliyojifunza ukubwani, akabaki na ile ya utotoni. Kwa hiyo akikujibu kwa kilugha, usimwone mkaidi.

Fanya haya:

- Mtafutie mtu wa kuongea naye kwa lugha yake kila siku, hata kwa simu.
- Mpikie chakula alichokizoea. Kama meno yamepungua, kilainishe.
- Mnapokwenda kliniki, ongozana na ndugu anayejua lugha yake, ili aeleze maumivu mwenyewe.
- Omba ndugu wakupokee zamu. Mlezi aliyechoka naye huugua.

Dalili ya hatari

Mzee akianza kuchanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, huo si uzee. Huenda ana maambukizi, amepungukiwa maji, sukari imeshuka au imepanda, au dawa zimemdhuru. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ubebe dawa zake zote.

Jioni ya leo kaa naye kidogo. Muulize kwao palikuwaje, kisha umsikilize.