Sake: Kati ya mazuku na Ziwa Kivu, mambo ambayo kila familia inapaswa kujua

Ukitoka Goma kwenda Sake, kushoto una Ziwa Kivu, kuume una mawe meusi ya volkano. Katikati ni barabara ya kilometa zipatazo 25, yenye pikipiki, malori na chukudu zilizobeba makala na mboga za Masisi. Wakaaji wengi wanaijua njia hiyo kwa miguu yao, kwani vita imewalazimisha kuikimbilia mara nyingi. Lakini iko hatari nyingine kandokando yake, isiyokuwa na mlio, rangi wala harufu: mazuku.

Wenyeji huitaja kama upepo mbaya. Jina hilo limetoka kwetu likaenda mbali: wataalamu wa volkano wa Ulaya na Marekani nao wanaandika "mazuku" katika kazi zao. Si uchawi. Ni gesi ya kaboni, ile ile tunayoitoa tunapopumua, inayopanda kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa za mawe ya Nyiragongo na Nyamulagira.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Kwa hiyo haipandi juu kama moshi. Inashuka na kujikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo, kama maji yanavyojaa kidimbwi. Ikifikia sehemu 10 katika 100 za hewa, mtu anaweza kuzimia kwa dakika chache tu, na akibaki pale anakufa.

Saa mbaya ni usiku na alfajiri, wakati hakuna upepo. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma, gesi hupungua. Ndiyo maana mtu anaweza kupita mahali mchana bila shida, kisha mbuzi wake akafia pale pale asubuhi inayofuata.

Wanaoumia kwanza ni wale walio karibu na udongo: mtoto mdogo, mama anayeinama kuokota kuni, mtu aliyelala chini. Miaka ya 2023 na 2024, maelfu na maelfu ya wakimbizi wa ndani kutoka Masisi waliishi katika vibanda upande wa Mugunga na Bulengo, juu ya mawe hayo hayo ya volkano. Aliyekimbia risasi hakupata nafasi ya kuchagua mahali pa kulaza watoto.

Alama za kutambua

Ukiona shimo lenye ndege, panya, mijusi au wadudu waliokufa bila jeraha, rudi nyuma. Mwali wa mshumaa au wa kibiriti ukizimika wenyewe karibu na udongo, toka haraka, panda mahali pa juu. Kama kuna kibao cha onyo, kiheshimu, na kisiwe kuni za kupikia. Usijenge wala kulala ndani ya bonde kabla ya kuuliza wenyeji.

Na jambo gumu kuliko yote: mtu akianguka shimoni, usiteremke kumfuata. Kila mzazi angetaka kuruka, lakini hapo ndipo kifo kimoja huzaa cha pili. Ita watu, mvuteni kwa kamba au mti mrefu mkiwa juu, kisha mpelekeni penye hewa safi na kwa muganga.

Ziwa lenye gesi

Sake iko karibu na ghuba ya Kabuno, kona ya Ziwa Kivu inayoungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba tu. Katika ziwa kubwa, gesi nyingi imefungwa chini sana, zaidi ya mita 250. Kabuno ni tofauti: maji yenye gesi nyingi yanaanza kwenye mita 10 hadi 12 hivi. Ndiyo sababu wachunguzi wanaiangalia kwa jicho la pekee.

Wasiwasi wao una historia. Tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos huko Kameruni lilitoa gesi yake kwa ghafla usiku, na watu zaidi ya 1 700 wakafa, wengine wakiwa umbali wa kilometa zaidi ya 20. Hakuna mtaalamu anayesema kwamba Kivu italipuka kesho. Mwaka 2021, Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei, na siku tano baadaye viongozi waliamuru sehemu ya Goma ihame. Umati ukafika Sake kwa miguu. Ziwa halikulipuka. Lakini maji safi yalikosekana, na wengi walichota ziwani. Somo moja lilibaki: maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa kabla ya kunywa, maana kipindupindu nacho kinaua.

Barabara ikifungwa

Mwaka 2024, vita iliyozunguka Sake ilikata barabara ya Goma na Minova. Biashara na wasafiri wakahamia ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa ukingoni wakitazama. Makumi walikufa.

Aprili 2019, baada ya ajali nyingine upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi alikuwa ameagiza kila msafiri avae jile ya kujiokoa. Agizo lipo, ukingoni, msafiri ndiye wa mwisho wa kulitekeleza. Kabla ya kupanda, hesabu jile, si viti. Ukiona maji yamekaribia mdomo wa mashua, shuka, hata kama umelipa. Upepo ukiwa mkali, ngoja.

Inafaa kukumbusha kwamba hatari hizi zote zinafundishika. Mtoto wa Sake anayejua kukwepa risasi anaweza pia kujua kukwepa shimo la mazuku. Amwambie na mwenzake aliyefika jana.