TAARIFA: KUINGIA KATIKA MITAMBO YA MTANDAO KWA JINA LA MTUMISHI MWENYEWE

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanakumbushwa kuwa shughuli nyingi za ofisi, kama vile mishahara, leseni na vyeti, hupita katika mtandao wa kompyuta. Mtandao huo una mitambo yake, yaani ruta na swichi, pamoja na programu za kuisimamia. Mwenye kuingia katika programu hizo aweza, kwa amri moja, kukata mawasiliano ya jengo zima, na mwananchi aliyefuata huduma akarudi mikono mitupu.

Pale ambapo mafundi wote hutumia jina moja la kuingilia na neno moja la siri, madhara ni mawili. Kwanza, mtumishi akihamishwa au akistaafu huondoka na neno hilo. Pili, ukitokea uharibifu, kumbukumbu za mtambo huonesha jina lile lile la wote. Mkosa hufichika, na asiye na kosa hutiliwa shaka naye hana ushahidi wa kujitetea.

Dawa yake ni kuwa na daftari kuu moja la watumishi, lililowekwa katika seva ya utambulisho. Fundi anapoandika jina lake na neno lake la siri, mtambo huiuliza seva hiyo mambo mawili: huyu ni nani, na ameruhusiwa kufanya nini. Kisha huandikwa alichokifanya na saa alipokifanya. Taratibu zitumikazo sana ni mbili: RADIUS, iliyotolewa katika waraka wa kitaalamu mwaka 1997, na TACACS+, ambayo waraka wake ulitolewa mwaka 2020 na ambayo yaweza kuikubali au kuikataa kila amri peke yake.

Ruhusa hutolewa kwa wadhifa, na mtu huipata kwa kuushika wadhifa huo. Fikra hii ilifafanuliwa mwaka 1992 na David Ferraiolo na Richard Kuhn wa taasisi ya viwango ya Marekani. Aghalabu daraja tatu hutosha: mtazamaji, asomaye hali ya mtandao tu, fundi, arekebishaye mitambo aliyokabidhiwa, na msimamizi, aongezaye na kuondoa watumishi. Mtumishi akihama, jina lake hufutwa mahali pamoja, na mitambo yote iliyounganishwa na daftari hilo haimpokei tena.

Wahusika wanatakiwa wazingatie yafuatayo:

1. Asiye na wadhifa uliotajwa katika daftari asipewe ruhusa yoyote, hata ya kutazama.

2. Mawasiliano baina ya programu na seva yasimbwe, ili neno la siri lisisomwe njiani.

3. Saa za mitambo yote ziwiane. Zikipishana, kumbukumbu haziwezi kuthibitisha lipi lilitangulia.

4. Pawe na seva ya pili katika kisiwa cha pili. Ofisi ya Pemba inayotegemea seva iliyoko Unguja peke yake itafungiwa nje ya mitambo yake iwapo mawasiliano ya baharini yatakatika.

5. Kila mtambo ubakishiwe jina moja la dharura. Neno lake la siri litiwe katika bahasha yenye lakiri, liwekwe ndani ya sefu, na libadilishwe kila linapotumika.

6. Majaribio yaanze kwa mtambo mmoja. Fundi asitoke ndani yake kabla ya kuhakikisha, kwa kompyuta nyingine, kuwa anaweza kuingia tena.

Wapo watumishi wanaouona utaratibu huu kuwa ni dalili ya kutoaminiwa. Yafaa ifahamike kuwa neno la siri ni amana, na amana haiazimwi, hata kwa rafiki wa meza ya pili. Siku mtumishi atakapotuhumiwa kwa jambo asilolitenda, kumbukumbu yenye jina lake mwenyewe ndiyo itakayosimama kuwa shahidi wake. Tahadhari kabla ya athari.