Mizani ya Mwili Uzeeni: Mazoezi ya Kuanzia Pasipo Vifaa

Korosho haichumwi mtini, huokotwa chini. Msimu uwadiapo, kuanzia Oktoba, wazee kwa vijana wa Malolo huinama, huokota, huinuka na kusonga mbele juu ya majani makavu. Kazi hiyo, na hata choo cha kuchuchumaa, huutaka mwili ujimudu. Ndiyo maana bibi au babu akianguka mara moja, jamaa zake, kwa huruma, humwambia: “Keti, tutakufanyia.” Kwa maoni yangu huruma hiyo ina madhara. Misuli ya mapaja isiyotumika hunyong’onyea ndani ya majuma machache, na anguko la pili huwa limekaribishwa.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mzee avunjikapo shingo ya paja na kulala kitandani muda mrefu, vidonda vya mgandamizo na nimonia humwandama.

Mwili husimama wima kwa taarifa za macho, za sikio la ndani, na za mishipa ya fahamu ya nyayo na viungo. Ubongo huzilinganisha, kisha huiamrisha misuli. Mfumo huu hufundishika hata uzeeni. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2019 yalionyesha kuwa mazoezi hupunguza maanguko ya wazee waishio majumbani kwa takriban asilimia 23.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kuketi na kuinuka. Tumia kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Kigoda kisubiri, kwani kadiri kikalio kilivyo chini ndivyo paja linavyolemewa. Vuta nyayo nyuma kidogo ya magoti, inamisha kifua mbele, inuka polepole, kisha keti polepole zaidi, maana kushuka nako hujenga misuli. Mikono na isaidie mwanzoni. Mara tano zatosha juma la kwanza, baadaye kumi.

Kisha simama kando ya ukuta au nguzo ya baraza, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, kwa sekunde 10. Shika kwa kiganja. Ukizoea, kwa kidole kimoja. Hatimaye mkono uwe karibu tu bila kugusa. Hapo ndipo ujaribu kusimama kwa mguu mmoja. Kuyumba kidogo kusikutishe, kwani ndiko kunakoufunza ubongo. Vua kandambili, fumbua macho, na mtu awe karibu. Fanya hivyo siku tatu kwa juma, au zaidi.

Mwenye kizunguzungu ainukapo, ganzi ya nyayo, maumivu ya kifua au kiharusi cha karibuni aanzie zahanati. Mhudumu mwenzangu, mpime shinikizo la damu akiwa amelala, kisha dakika moja na tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, zichunguze dawa anazotumia kabla ya kumpa mazoezi. Halafu mwambie ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke, arudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo hatarini: aanze na kiti peke yake, naye aonwe tena baada ya majuma manne.